Kusi Likivuma, Tazama Kwanza Maji ya Mlangoni

Vijana ninaowafundisha ngalawa hapa Jambiani huamka, wakatazama minazi inavyoyumba, kisha huniuliza kama leo pana kutoka. Minazi inawaambia nusu ya habari. Kwa chombo kidogo, hatari kubwa ni pale upepo na maji vinapokutana uso kwa uso.

Pwani yetu ya mashariki ya Unguja imezungukwa na mwamba, na njia ya kutokea bahari kuu ni mlango, yaani pengo kwenye mwamba huo. Kusi, upepo utokao kusini, likishika, huleta mawimbi mpaka kwenye mwamba huo. Maji yakipwa, yote yaliyojaa ndani hutafuta mlango huohuo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo wa mlangoni hukimbia kwelikweli. Wimbi linaloingia likipambana nao hufupika, husimama wima, kisha huvunjika. Sogea nje kidogo tu, utakuta bahari ileile ina mawimbi marefu ambayo ngalawa huyapanda bila tabu. Ndiyo maana nasisitiza tuvuke maji yakiwa yamesimama, kabla hayajaanza kupwa kwa kasi, na turudi yakijaa.

Tanga la kusi huchaguliwa ufukweni. Chukua dogo, kwa sababu kulipunguza kubwa huko nje ni kazi ngumu. Upepo ukipiga ghafla, legeza demani kwanza, yaani kamba ya kulivutia tanga, huku mwenzako akikaa kwenye mrengu, ule mti wa ubavuni, wa upande wa joshi, unakotoka upepo.

Kugeuza tanga ndiko ninakokuhofia kuliko yote. Chombo huupisha upepo tezini, yaani nyuma yake, foromali, mti unaobeba tanga, ikapitishwa mbele ya mlingoti, na kwa muda huo tanga halina wa kulishika vizuri. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu: subiri fungu lipite, kisha geuza upesi. Upepo ukizidi, tua tanga kabisa, geuza omo, yaani mbele ya chombo, kwa kafi, ndipo utweke upya. Inachosha na mikono huchubuka kwa kamba, lakini mimi sioni njia bora zaidi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, sina mjadala na mtu. Mlango hatuvuki hata maji yakisimama. Samaki wa siku hiyo tunawatafuta ndani ya mwamba.