Gauri si nyati: mjue ng'ombe mwitu wa misitu ya Asia

Anayemwona gauri pichani kwa mara ya kwanza hudhani ni nyati. Siye. Gauri (Bos gaurus) ni ng'ombe hasa, wa jenasi moja na hawa tunaowakamua, na hana mpinzani kwa ukubwa miongoni mwa ng'ombe mwitu. Dume aliyekomaa huweza kupita kilo 1,000. Hupatikana kuanzia India na Nepal hadi Malaysia.

Mtambue kwa miguu, myeupe kuanzia magotini kama aliyevaa soksi, na kwa mgongo. Miiba ya pingili za uti wa mgongo imerefuka ikafanya tuta, linaloanzia mabegani na kukatika ghafla katikati ya mgongo. Tuta hilo lina kazi. Madume wakishindana hawakimbilii kugongana pembe. Hugeuziana ubavu na kuzungukana polepole, kila mmoja akijionyesha alivyo mkubwa, na mara nyingi mdogo huondoka bila kuguswa. Kwa hiyo gauri akikupa ubavu, usidhani amekupuuza: anakuonya. Rudi nyuma taratibu, usimzibie njia, na usijiweke kati ya jike na ndama.

Kundi huwa la majike na ndama, likiongozwa na jike mzee. Madume wakubwa hutembea peke yao hadi msimu wa kupandana. Mimba ni miezi 9 hivi, ndama mmoja. Hula nyasi, machipukizi ya mianzi, hata magome ya mitiki, na jua likiwa kali hujilaza kivulini wakicheua. Watu wakiwasumbua, huhamishia malisho usiku.

Simbamarara humwinda, lakini kinachoweza kufuta kundi zima ni maradhi ya ng'ombe wa kijijini. Sotoka, ile ile iliyofagia ng'ombe na nyati Afrika Mashariki miaka ya 1890, iliua gauri wengi Bandipur na Mudumalai, kusini mwa India, mwaka 1968. Ilitangazwa kutokomezwa duniani 2011, ila ugonjwa wa miguu na midomo bado upo. Ndiyo maana mifugo ya pembezoni mwa hifadhi huchanjwa, na isiachwe kunywa maji pamoja na wanyamapori.

Kuwarudisha ni kazi. Hifadhi ya Bandhavgarh, katikati mwa India, ilipoteza gauri wake miaka ya 1990. Mwaka 2011 na 2012 wakaletwa 50 kutoka hifadhi ya Kanha, wakilazwa kwa dawa ya usingizi na kusafirishwa kwa malori. Hawakuachiwa msituni moja kwa moja. Walitunzwa kwanza ndani ya uzio usiopenywa na simbamarara, ambao wahifadhi wa India nao huuita kwa neno letu: boma.