Je, wajua kwa nini mcheri haupogolewi wakati wa baridi?

Mtufaha na mpea hupogolewa majira ya baridi, mti ukiwa umepukutisha majani. Mcheri ukiufanyia hivyo unaufungulia ugonjwa mlango. Kuvu wa jani la fedha, Chondrostereum purpureum, hutawanya spora zake (chembe ndogo za uzazi) hali ya hewa ikiwa baridi na yenye unyevu, nazo huingilia kwenye jeraha bichi. Bakteria Pseudomonas syringae hupenda hali hiyohiyo: gome huoza, gundi ya rangi ya asali huchuruzika, na tawi zima laweza kufa. Katika majira ya joto spora huwa chache, na mti uliochangamka huziba jeraha upesi.

Kwa hiyo mti unaozaa upogoe mara tu baada ya kuvuna, siku isiyo na dalili ya mvua. Mche mchanga unaotengenezewa umbo usubiri hadi macho, yaani vichipukizi, yaanze kufumuka. Mkasi uwe mkali, na uufute kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Anza na matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yanayoelekea ndani.

Hapo tawi linapoungana na shina, chunguza: kuna pete ya gome lililokunjamana, imevimba kidogo. Kata nje tu ya pete hiyo. Ukiikata, umeondoa sehemu ambayo ingefunga kidonda; ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na uozo uingie shinani. Tawi zito likate mara tatu: kwanza kwa chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, hadi theluthi ya unene, kisha kwa juu, mbele kidogo, lianguke bila kuchuna gome, mwisho uondoe kisiki. Usipake rangi kwenye kidonda, hufungia unyevu ndani.

Aina nayo ina neno lake. Cheri tamu huzaa kwenye vijitawi vifupi vinavyodumu miaka mingi, basi punguza kidogo tu. Cheri chachu huzaa zaidi kwenye matawi yaliyochipua mwaka uliopita, hivyo kila mwaka ondoa baadhi ya yaliyokwisha kuzaa ili mapya yapate nafasi.

Tukija kwenye maji, mizizi mingi ya mcheri iko karibu na uso wa ardhi, ndani ya sentimita 60 za juu. Wakati wa ukame kipimo kizuri ni lita 25 kwa wiki kwa kila mita ya mraba chini ya matawi, zimwagwe kwa mkupuo mmoja au miwili, taratibu, zizame. Udongo uliokauka sana ukilowa ghafla cheri zikiwa zinaiva, matunda hupasuka. Mvua huyapasua pia, kwa kuwa maji hupenya ngozi ya tunda lenyewe. Wengi hufunga bomba baada ya mavuno, na hapo ndipo hasara huanzia: macho ya maua ya mwaka ujao yanaumbika wakati huohuo, na kiu ikichanganyika na joto kali huleta cheri pacha zilizogandana.

Majani yakinyauka, chimba sentimita 15 na ufinyange udongo mkononi kabla ya kumwagilia. Ukiwa umelowa chepechepe, mizizi inakosa hewa na huenda imeshambuliwa na Phytophthora, kiini cha ugonjwa kinachoozesha mizizi. Hapo chimba mfereji wa kutoa maji.