Mtaa wa 55+: mnunuzi ananunua nini hasa?

Marekani kuna mitaa ya makazi ambayo hati zake kwa kawaida zinataka kila nyumba iwe na angalau mkaaji mmoja aliyetimiza miaka 55. Watu huiita kwa namba tu: 55+. Kununua humo hakutofautiani sana na kununua kwingine. Unapata hati ya umiliki, unailipia nyumba kodi ya serikali kila mwaka, unaweza kukopa benki. Kinachobanwa ni nani anayelala ndani.

Mtaa wa namna hii si nyumba ya kutunzia wazee. Hakuna muuguzi, hakuna anayekuletea dawa wala chakula. Utakuta bwawa la kuogelea, ukumbi, uwanja wa gofu na vijigari vyake, na bustani zinazofyekwa na kampuni. Ukianza kuhitaji msaada wa kuoga au kuvaa, utaulipia mwenyewe, au utahama.

Sun City ya Arizona, iliyofunguliwa Januari 1, 1960, ndiyo iliyoupa mtindo huu umaarufu. Mwaka 1988 sheria ya makazi ya Marekani ilirekebishwa, ikawa marufuku kumkatalia mtu nyumba kwa sababu ana watoto. Makazi ya wazee yaliachiwa mlango, na sheria ya 1995 inayojulikana kama HOPA ikaweka masharti yanayotumika hadi leo. Yako matatu: angalau asilimia 80 ya nyumba zenye watu ziwe na mtu wa miaka 55 au zaidi, mtaa utangaze na kufuata kanuni zinazoonyesha kwamba ni wa umri huo, na umri uthibitishwe kwa nyaraka, kumbukumbu zikihuishwa angalau kila miaka miwili. Ruhusa hiyo inahusu familia zenye watoto tu. Kumkataa mtu kwa rangi, dini au nchi aliyotoka bado ni kosa.

Hiyo asilimia 80 ndiyo inayochanganya wengi. Chukua mtaa wenye nyumba 300, ambazo 290 zina watu. Nyumba 232 lazima ziwe na mtu wa 55+. Zile 58 zinazobaki sheria haimpi kijana haki ya kuzidai. Mtaa unaweza kuwanyima vijana hizo zote, na mingi huzitunza kwa ajili ya wajane: mume wa miaka 60 akifariki, mke wa 49 asifukuzwe. Lakini hilo lazima liwe limeandikwa katika kanuni za mtaa husika. Dalali akikwambia “hapa hawana shida”, mwambie akuonyeshe ukurasa. Mitaa ya 62+ ni mikali zaidi, maana kila mkaaji lazima awe ametimiza miaka 62. Mume ana 64 na mke 58? Hawahamii.

Kwa familia zetu za Afrika Mashariki zilizoko huko, jiwe la kujikwaa ni mjukuu. Bibi amezoea kulea. Mtoto wa binti yake kukaa naye mwaka mzima ni jambo la kawaida. Kwenye mtaa wa 55+ mtoto huyo ni mgeni, na kanuni humhesabia siku, kwa mfano 30 kwa mwaka. Majirani wanaona baiskeli barazani, wanaripoti, barua inakuja, kisha faini. Msaidizi anayelala humo kwa sababu mkaaji ana ulemavu ni suala jingine. Nyumba haikosi sifa kwa sababu yake, lakini omba ruhusa kwa maandishi kabla hajahamia.

Umri huthibitishwa kwa leseni ya udereva, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, hati ya uhamiaji au kiapo kilichosainiwa. Wakimbizi wengi waliandikiwa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa, na pengine mwaka wa kukisia. Kinachosomwa ni kilichoandikwa. Mzee ambaye kwa kweli ana miaka 57 lakini karatasi zinasema 53 atahesabiwa 53.

Sasa fedha. Mtaa huendeshwa na chama cha wamiliki, kinachoitwa HOA, na ukinunua umeshakuwa mwanachama, utake usitake. Kuna ada ya kila mwezi, na mara nyingi mchango wa mara moja siku ya kukabidhiwa nyumba. Ada ndogo huvutia, lakini iulize akiba. Tuseme mapaa ya majengo yenye nyumba 150 yanahitaji dola 1,200,000, na akiba ina 300,000. Pengo ni 900,000, yaani kila mmiliki atoe 6,000 juu ya ada yake. Asiyelipa anaweza kuwekewa deni juu ya hati, na nyumba ikaishia mnadani hata kama hadaiwi na benki.

Florida jambo hili limekuwa zito tangu jengo la fleti katika mji wa Surfside liporomoke Juni 24, 2021 na kuua watu 98. Majengo ya fleti ya ghorofa tatu na zaidi sasa hukaguliwa uimara yakikaribia umri wa miaka 30, na kwa kawaida wamiliki hawawezi tena kupiga kura ya kuruka akiba ya matengenezo makuu. Fleti ya wastaafu inayouzwa kwa bei ya kutupa huenda inauzwa kwa sababu hiyo hasa.

Kabla ya kusaini, mkataba uwe na kipengele cha kujitoa na kurudishiwa arbuni usiporidhika na nyaraka. Kisha dai kanuni zote za mtaa, bajeti, ripoti ya akiba na kumbukumbu za mikutano ya miezi 12. Anza na kumbukumbu za mikutano. Humo ndimo utaona bomba linalopasuka kila mwezi na kesi ambayo brosha haiitaji.

Uliza pia ardhi ni ya nani. Katika mitaa mingi ya nyumba za kiwandani, zile zinazoletwa zimeshaundwa, unanunua nyumba na kupanga kiwanja. Kodi ya kiwanja ikipanda, nyumba haihamishiki kwa gharama ndogo, na mnunuzi wa kukupokea atapiga hesabu ileile.

Mtoto wa miaka 35 anaweza kurithi nyumba ya 55+, maana sharti kwa kawaida ni la ukaaji. Mara nyingi hawezi kuhamia. Atauza, au atapangisha kwa mwenye umri ikiwa kanuni zinaruhusu kupangisha. Wakati mirathi iko mahakamani, ada ya HOA inaendelea kudaiwa kila mwezi.