Sheku Kanneh-Mason hakupata jina kwa sababu ya harusi: dhana potofu za chelo ninazosikia kila siku

Mzazi analeta mtoto kuanza chelo, ile ala kama fidla kubwa inayopigwa umekaa, na hata hajakaa vizuri anasema, mwalimu, nataka apate bahati kama ya yule kijana aliyepiga kwenye harusi ya Mwanamfalme Harry wa Uingereza na Meghan, yaani Sheku Kanneh-Mason, mpiga chelo Mwingereza. Wiki hii nimeisikia tena. Nimechoka jamani, kwa hiyo naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Dhana: Sheku Kanneh-Mason alipata jina kwa sababu ya harusi ya kifalme

Hapana, na hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Harusi ilikuwa tarehe 19 Mei 2018 pale Windsor. Alipiga vipande vitatu vifupi vya watunzi Paradis, Fauré na Schubert, wakati maharusi wameenda kusaini kitabu cha ndoa, na watu walioona kwenye TV wakadhani ndiyo siku aliyoanza. Meghan mwenyewe ndiye alimpigia simu kumwomba, sasa angempigiaje kijana asiyejulikana?

Hebu turudi nyuma. Januari mwaka huohuo albamu yake ya kwanza ilishatoka. Agosti 2017 alishapiga kwenye tamasha la Proms kule London pamoja na okestra ya Chineke!. Mei 2016, akiwa na miaka 17, alishinda shindano la wanamuziki vijana la BBC Young Musician, mshindi wa kwanza mweusi tangu shindano lianze 1978, na hakwenda fainali na kipande cha kubembeleza watu, alienda na Konseto ya 1 ya mtunzi Shostakovich, yaani kipande kirefu cha chelo moja mbele ya okestra. Aliyewahi kufungua noti zake anajua, kuna sehemu nzima okestra inanyamaza kabisa unabaki wewe na chelo yako tu, dakika kadhaa, kila kosa linasikika hadi kiti cha mwisho. Huko hakuna bahati, ama umefanya kazi ama hujafanya.

Rudi nyuma tena: alianza chelo akiwa na miaka 6 mjini Nottingham, Uingereza, na alipofika 9 alishafaulu gredi 8, ya juu kabisa kwenye mitihani ya gredi za muziki ya Uingereza, gredi ambayo wengi wanaifikia wakiwa sekondari wakubwa. Umri huohuo akapata ufadhili wa kusoma Jumamosi kwenye kitengo cha watoto cha Royal Academy of Music, chuo cha muziki kule London. Nottingham hadi London ni safari ya kweli, treni ya alfajiri, Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka na miaka, na katikati ya wiki yuko shule ya kawaida ya serikali kama watoto wengine. Toka miaka 6 mpaka harusi akiwa na 19 ni miaka 13! Mzazi anayeamini harusi ananiuliza mtoto ataonekana lini kwenye TV, na mihula miwili ikipita bila TV anamtoa. Nimeona watoto wenye masikio mazuri sana wakiachishwa hivyo na inaniuma.

Na kitu ambacho hakuna mzazi anayeniuliza ni nyumbani kwao palikuwaje. Wako ndugu 7 na wote wanapiga, dada yake Isata piano, kaka yake Braimah fidla, na wadogo zao nao wamo. Baba Stuart na mama Kadiatu si wanamuziki wa kulipwa, ila waliusimamia muziki ndani ya nyumba, kwa hiyo huyu kijana kila siku alikuwa na mtu wa kupiga naye na mtu wa kumwambia hapo noti imeshuka. Ndiyo maana kila siku nasema msimfungie mtoto chumbani na chelo peke yake! Chelo haina alama za kuonyesha kidole kikae wapi, ni sikio tu, na sikio linakua ukisikilizana na mwenzako. Kama hana ndugu anayepiga, mtafutie rafiki wapige wawili, na kabla hajashika upinde aimbe kwanza huo mstari, aimbe kwa sauti, asiyeweza kuuimba hawezi kuupiga. Hilo sitaacha kulisema.

Mengine kwa kifupi

Akishinda shindano masomo yameisha? Sheku baada ya ushindi aliingia Royal Academy mwaka 2017 kusoma na Hannah Roberts. Albamu yake yenye Konseto ya mtunzi Elgar, aliyopiga na London Symphony Orchestra ikiongozwa na Simon Rattle, ilifika namba 8 kwenye chati ya albamu Uingereza mwaka 2020, hakuna mpiga chelo aliyewahi kuingia kumi bora kabla yake, na bado alikuwa mwanafunzi.

Lazima apige mpaka mkono uanze kuuma? Mkono ukiuma unasimama. Mishipa ikishavimba unapoteza wiki nyingi kwa ajili ya saa moja ya ubishi. Afanye vipindi vifupi na skeli za polepole, yaani noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio, apumzike, arudi.

Wana hela, si unaona chelo yake? Ile ni ya Matteo Goffriller, imetengenezwa Venice mwaka 1700, na ameazimwa. Wapiga solo wengi wakubwa wanapigia ala za kuazimwa kwa sababu bei zake kijana hawezi kuzigusa.

Chelo ni ya Wazungu? Nenda Unguja ukasikilize taarab ya okestra, fidla zipo na chelo ipo, na wazee wamezipiga miaka mingi kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Na la mwisho, msinunue chelo kubwa ili mtoto aikulie. Zipo za robo, za nusu, za robo tatu. Mtoto wa miaka 7 kwenye chelo ya mtu mzima ananyanyua mabega na kupinda kifundo, na kuitoa tabia hiyo baadaye ni kazi ya mwaka mzima. Kodisha ya saizi yake, hela inayobaki lipia masomo.