Moto ukishazimika, moyo unatibiwaje? Maswali kuhusu sanaa na miwani ya uhalisia pepe

Tarehe 8 Novemba 2018, moto wa msituni uliteketeza mji wa Paradise, California. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakaungua. Wengi walikimbia na nguo walizovaa, funguo za nyumba zikiwa mfukoni. Majibu haya ni kwa waliopitia janga kama hilo na kwa wanaowauguza.

Kwa nini aliyenusurika bado anashtuka akisikia harufu ya moshi?

Ubongo umeshajifunza kwamba moshi ni kifo. Jirani akichoma nyama tu, moyo wa aliyenusurika unaenda mbio na viganja vinaloa jasho. Wiki za mwanzo hilo ni la kawaida, na kwa wengi hupungua lenyewe. Likizidi mwezi mmoja, mtu halali, anaota moto, anaikwepa barabara aliyokimbilia, basi aonwe na mtaalamu wa afya ya akili.

Miwani ya uhalisia pepe inafanya nini hapo?

Inafunika macho yote mawili na kukuonyesha picha ndani yake. Ukigeuza shingo, picha nayo inageuka, hivyo unajiona uko mahali penyewe. Mtaalamu anaweza kuanza na barabara yenye misonobari, mchana, hakuna moto. Siku nyingine anaongeza moshi mwembamba kwa mbali. Mgonjwa anaitaja hofu yake kwa namba, kuanzia 0 hadi 100, na anatulia nayo mpaka ishuke. Polepole ubongo unajifunza upya kwamba kumbukumbu ya moto haiunguzi.

Marekani njia hii imetumika zaidi kwa wanajeshi waliotoka vitani Iraq na Afghanistan. Kwa walionusurika moto wa msituni ushahidi bado ni mchache. Tiba hiyohiyo hufanyika pia bila miwani, kwa mazungumzo, na inafanya kazi. Asiyeipata miwani asijione amekosa dawa.

Je, haiwezi kumtonesha kidonda?

Inaweza, na hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Kuna maonyesho yanayomtumbukiza mtazamaji katikati ya ndimi za moto ili wageni waelewe janga. Kwa mgeni ni somo. Kwa aliyefiwa na mama yake humo, ni mateso. Shirika la Afya Duniani halishauri kuwasimulisha watu kwa lazima yaliyowapata mara tu baada ya janga. Picha zinazomzunguka mtu zina nguvu kuliko simulizi. Aambiwe mapema atakachokiona, mlango uwe wazi, na miwani aivue mwenyewe wakati wowote. Mwenye kifafa amuulize daktari kwanza. Kichefuchefu kikianza, acheni.

Na sanaa inatibu kweli?

Haichukui nafasi ya daktari, ila inafanya kazi ambayo kidonge hakiwezi. Rudini Paradise. Nyumba hazipo, funguo zipo. Unaushika ufunguo, una meno yake yote, na hakuna kitasa cha kuutia. Msanii Jessie Mercer aliomba watu wamletee funguo hizo. Zilifika zaidi ya 18,000: za nyumba, makanisa, magari, shule. Akaziunganisha kuwa sanamu ya finiksi, yule ndege wa hadithi anayeinuka kutoka majivuni, ikazinduliwa moto ulipotimiza mwaka mmoja. Aliyetoa ufunguo alikuwa na cha kufanya kwa mikono yake, na alijua wenzake nao wametoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, waliowafuatilia walionusurika mioto ya Australia ya Februari 2009, waliona kwamba walio kwenye vikundi vya kijamii walielekea kuwa na afya bora ya akili.

Watoto je?

Mtoto mara nyingi hawezi kusema, lakini anaweza kufinyanga. Strathewen, kijiji cha Australia ambacho shule yake iliungua mwaka 2009, miaka baadaye wanafunzi walitengeneza filamu za vinyago vya udongo kuhusu usalama wa moto, wakishirikiana na wazimamoto. Moto ukawa kitu wanachokijua na kuwafundisha wengine.

Hatuna miwani wala kompyuta. Tuanzie wapi?

Tandikeni karatasi kubwa mezani, mchore mtaa ulivyokuwa: duka, mti wa kivuli, nyumba ya fulani. Kila mtu aweke alichokikumbuka. Asiyetaka kuchora akae tu na wenzake, apewe chai.