Pinochet hakuachia Ikulu kwa hiari: dhana potofu kuhusu siasa za Chile

Watu wakianza kubishana mitandaoni kuhusu madikteta "wazuri", Chile haikosi kutajwa. Ngano yenyewe ni hii: mkomunisti alinyakua nchi, jenerali, Augusto Pinochet, akaiokoa, akajenga uchumi, kisha akaondoka kistaarabu.

"Allende alinyakua madaraka."
Alichaguliwa. Katika uchaguzi wa rais wa tarehe 4 Septemba 1970 Salvador Allende alipata asilimia 36 na ushei ya kura, akamzidi Jorge Alessandri kwa kura chache. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, Katiba ililipa Bunge jukumu la kuchagua kati ya wawili wa juu, nalo likampitisha. Hata migodi ya shaba ilipotaifishwa mwaka 1971, wabunge wa pande zote waliunga mkono. Walionyakua nchi ni wanajeshi, 11 Septemba 1973, ndege za kivita zikiishambulia Ikulu ya La Moneda. Allende alifia humo. Wapo wanaosema aliuawa na askari, lakini uchunguzi wa mwili wake mwaka 2011 ulithibitisha kwamba alijiua.

"Udikteta ndio uliojenga uchumi."
Mwaka 1982 uchumi ulianguka kwa zaidi ya asilimia 13, na mwaka uliofuata serikali hiyohiyo iliyohubiri soko huria ikalazimika kuzishika benki kubwa. Shaba nayo Pinochet hakuirudisha kwa kampuni za Marekani. Codelco, linalomiliki migodi iliyotaifishwa, ni shirika la umma hadi leo.

"Pinochet aliondoka kwa hiari."
Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inawafuta watu waliomtoa. Katiba ya 1980, iliyopitishwa bila hata daftari la wapiga kura, iliweka kura ya maoni mwaka 1988. Makamanda wangependekeza jina moja, wananchi wajibu Ndiyo au Hapana. Jina likawa la Pinochet mwenyewe, na lengo lilikuwa kumwongezea miaka minane.

Wapinzani waligawanyika: kushiriki si kumhalalisha? Wakristo Demokrati na Wasoshalisti, waliokuwa wakilaumiana tangu 1973, hatimaye wakakaa meza moja. Wakahimiza watu wajiandikishe, wakaandaa mawakala na hesabu yao ya kura, sambamba na ya serikali. Kila upande ulipewa dakika 15 za televisheni kwa siku, mara nyingi usiku, saa ambayo wengi hulala, lakini watu walikaa macho kutazama. Upande wa Hapana ulichagua nembo ya upinde wa mvua na ahadi ya furaha. Baadhi ya wahanga wa udikteta waliona hilo ni kejeli kwa marehemu wao, na sishangai.

Usiku wa 5 Oktoba serikali ilianza kwa kutangaza matokeo machache yaliyoonyesha Ndiyo inaongoza, kisha ikakawia. Kamanda wa jeshi la anga, Fernando Matthei, alipofika La Moneda aliwaambia waandishi wa habari kwamba kwake ilikuwa wazi Hapana imeshinda. Baadaye alisimulia kwamba ndani walipewa waraka wa kumpa Pinochet mamlaka ya ziada, naye akakataa kuutia saini. Hapana ilipata asilimia 56, Ndiyo 44. Na Pinochet huyo ndiye tunayeambiwa aliondoka kwa hiari.

"Mwaka 1990 demokrasia ikarudi kamili."
Patricio Aylwin aliapishwa kuwa rais 11 Machi 1990, lakini mkuu wa jeshi la nchi kavu aliendelea kuwa Pinochet hadi Machi 1998, kisha akahamia Seneti kama seneta wa maisha. Humo walikuwemo pia maseneta wa kuteuliwa, na mfumo wa uchaguzi uliipa kambi iliyoshika nafasi ya pili viti vingi kupita kura zake. Oktoba 1998 Pinochet alikamatwa London kwa hati ya jaji wa Hispania, Baltasar Garzón. Alifariki Desemba 2006 bila kuhukumiwa.

"Katiba yake ilishafutwa."
Mwaka 2020, baada ya maandamano makubwa, asilimia 78 walitaka katiba mpya. Rasimu ya kwanza, ya mrengo wa kushoto, ilikataliwa kwa asilimia 62 Septemba 2022. Ya pili, ya mrengo wa kulia, ikakataliwa Desemba 2023. Kwa hiyo inayotumika ni ileile ya 1980, iliyorekebishwa mara nyingi, na tangu 2005 ina saini ya Rais Ricardo Lagos badala ya ile ya Pinochet.