Moyo Unadunda, Presha Iko Sawa: Maswali Kuhusu Wasiwasi na Kutafakari

Maswali haya nimeulizwa na watu wa huku kwetu, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kwenye baridi: wauza mchele wa Mwanjelwa, dereva bajaji wa Kabwe, mwalimu wa Iringa, mama wa mbogamboga Uyole. Majina nimeyaacha, na maswali yanayofanana nimeyaunganisha.

Saa nane za usiku nashtuka, moyo unadunda, jasho linanitoka. Nikienda kupima naambiwa presha iko sawa. Nimerogwa?

Hujarogwa, dada yangu. Huenda ni wasiwasi uliovuka kipimo, na hauko peke yako: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na magonjwa ya wasiwasi.

Ubongo ukihisi hatari hupiga kengele, na homoni ya adrenalini humwagika kwenye damu. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda juu kifuani, viganja hupoa, tumbo husokota. Yote hayo ni maandalizi ya kupigana au kutoka mbio. Ukikutana na chui porini yatakuokoa. Shida ni kwamba kengele hiyohiyo hulia ukisoma meseji ya mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ikikukumbusha kwamba rejesho ni kesho asubuhi. Chui hayupo, pa kukimbilia hapapo, na wewe umelala chini ya mablanketi mawili. Mwili unakimbia ukiwa kitandani.

Lakini usijipe jina la ugonjwa mwenyewe. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta dalili hizihizi, pamoja na mikono kutetemeka na kukonda bila sababu. Upungufu wa damu nao huudundisha moyo, na sukari ikishuka vilevile. Na wewe kijana wa bajaji unayekunywa kopo tatu za kinywaji cha kuongeza nguvu ili ufike usiku wa manane, anza kwa kupunguza hizo kopo kabla hatujazungumza habari za kutafakari.

Kutafakari ndiyo hiyo meditesheni? Mimi siwezi kuacha kuwaza.

Ndiyo hiyo. Na hakuna anayeweza kuacha kuwaza, hata hao wanaofundisha. Hapo ndipo wengi hukosea: wanakaa dakika mbili, mawazo yanaingia, wanasema "hii si ya kwangu" na kunyanyuka.

Mtazame mtoto anayechunga ndama kando ya barabara. Ndama ataingia shamba la mahindi la watu, mtoto atamrudisha njiani. Ataingia tena, atamrudisha tena. Hatumwiti mchungaji mbaya kwa sababu ndama amechepuka. Kuchunga ndiko huko. Unachagua kitu kimoja cha kukitazama, mara nyingi pumzi. Akili inachepuka kwenda kwenye ada ya shule. Unagundua, unairudisha bila kujitukana. Ikichepuka mara 40 na wewe ukairudisha mara 40, umefanya zoezi mara 40.

Wala jambo lenyewe si geni kama jina lake. Pale Iringa kuna jiwe la Gangilonga, ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, na inasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akipanda kukaa pale kutafakari mambo yake. Sidhani kama alikuwa akihesabu pumzi, lakini kukaa kimya na nafsi yako hakukuletwa na ndege.

Basi nielekeze. Naanzaje?

Chukua kigoda au kiti cha kawaida. Nyayo zote mbili zikanyage chini, mgongo unyooke bila kukakamaa, mikono ilale mapajani. Macho unaweza kuyafumba, au uyaache yatazame sakafu hatua chache mbele yako.

Kwanza sikia mwili ulipogusa kiti na nyayo zilipogusa sakafu. Huku kwetu sakafu ya saruji alfajiri ya mwezi wa saba ni baridi kweli, kwa hiyo huna haja ya kuitafuta hisia, itakutafuta. Kisha fuata pumzi. Usiivute kwa nguvu. Angalia tu inaposikika zaidi: puani, kifuani au tumboni. Ikitoka hesabu moja, ikitoka tena mbili, mpaka kumi, halafu rudi kwenye moja. Ukijikuta umefika 17, ujue ndama ameshaingia mahindini. Rudi kwenye moja.

Wiki ya kwanza dakika 5 kwa siku zinatosha. Wiki ya pili nenda 10, na ukizoea fika 15 au 20. Chagua saa ambayo tayari ina jambo lake: baada ya sala ya asubuhi, kabla ya kuwasha moto, au ukishafunga kibanda. Ukisema utafanya "nikipata nafasi", hutaipata.

Onyo moja kwa watu wa baridi: usikae kutafakari kwenye chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa ndani. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua. Kausingizi katamu utakakokasikia si utulivu. Jifunike blanketi, jiko libaki nje.

Na kengele ikishalia, moyo uko mbio, nifanye nini papo hapo?

Vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita, kama anayepuliza chai ya moto. Rudia kwa dakika tatu au nne. Kila tunapotoa pumzi moyo hupunguza mwendo kidogo, kwa kazi ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Ukirefusha kutoa pumzi unairefushia neva hiyo muda wa kufunga breki. Kichwa kikianza kuwa chepesi, ujue unavuta hewa nyingi mno. Pumua kawaida kwanza.

Kuna ushahidi, au ni maneno ya mitandaoni?

Upo, na una mipaka yake. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, alianzisha mafunzo ya kutafakari kwa wagonjwa ambao maumivu yao ya muda mrefu hayakuwa yakipona kwa tiba za kawaida. Mafunzo hayo ndiyo yaliyopimwa sana baadaye. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500: kutafakari kulipunguza wasiwasi, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na maumivu kwa kiasi. Kwa kiasi, si kwa miujiza, na hakukuonekana kushinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili.

Mwaka 2022 yakatoka majibu ya jaribio la watu wazima 276 wenye magonjwa ya wasiwasi. Wengine walipewa dawa ya escitalopram, wengine wakafundishwa kutafakari kwa wiki nane. Wasiwasi ulishuka kwa kiwango kinachokaribiana pande zote mbili. Ila usisahau kwamba wale wa kutafakari walihudhuria darasa kila wiki na kufanya zoezi nyumbani dakika 45 kila siku. Dakika zako tano ni mwanzo mzuri, lakini usizidai matokeo ya dakika 45.

Mchungaji wetu anasema ni mambo ya dini za mashariki.

Asili ya mbinu nyingi ni Ubuddha, hilo ni kweli, sina sababu ya kulificha. Lakini zoezi nililoeleza halina sala ndani yake, halina sanamu, haliiti jina la yeyote. Ni kuitazama pumzi. Ukiona bado linakukwaza, liache bila ugomvi. Mkatoliki ana rozari yake, Mwislamu ana dhikri yake, na anayesali taratibu neno kwa neno, akirudisha moyo kila unapotoroka, ameshaujua ufundi huu kitambo. Kaa na Mchungaji umweleze unachofanya hasa. Wengi hupinga jina tu.

Nyumba yetu ni vyumba viwili, watu saba, na jirani ana redio.

Redio itumie. Badala ya pumzi, sikiliza sauti zinavyoingia na kuondoka bila kuzigombeza. Au tafakari ukitembea: ukipanda mlima kwenda nyumbani, sikia kila unyayo unavyokanyaga. Hata kuosha vyombo kunafaa, ilimradi mikono iwe kwenye maji na akili nayo iwe humohumo.

Nikifumba macho naogopa zaidi. Picha za ile ajali zinarudi.

Basi fungua macho, usijilazimishe. Kwa waliopitia ajali mbaya, ukatili au msiba mzito, ukimya unaweza kuamsha yaliyolala. Shika kitu chenye uzito, kanyaga chini kwa nguvu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Picha zikiendelea kuja, unahitaji mtu wa kukaa nawe, yaani mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Aliyewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii naye asianze zoezi hili kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Deni langu litaondoka?

Hapana. Rejesho liko palepale kesho. Ila utakapomfuata mkopeshaji kuomba upangiwe upya, ni afadhali uende na kichwa kilicholala usiku.

Naweza kuacha dawa nilizoandikiwa?

Usiache kwa uamuzi wako. Dawa nyingi za wasiwasi na sonona hupunguzwa hatua kwa hatua, na aliyekuandikia ndiye anayejua hatua hizo.

Na kuna hali ambazo usizisubirie pumzi. Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au kwenye taya, kuishiwa pumzi, kuzimia: nenda hospitali saa hiyohiyo. Fikra za kujidhuru pia ni dharura. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, na mfuatane hospitali; usiende peke yako.

Nina kitochi tu, simu ndogo ya vitufe. Sina hizo programu za kutafakari.

Kitochi kinatosha, tena kina nafuu yake. Tega alamu ya dakika tano, kiweke mezani kikiwa kimegeuzwa uso chini. Ikilia, kabla hujaikimbilia, vuta pumzi moja zaidi.